Viatu Tulivyomchagulia Mama



Binti wa jirani yetu hapa Ihanja anaolewa mwezi ujao, in shaa Allah. Mume ni wa Unguja, na amemwahidi kwamba baada ya harusi watapata siku mbili za kutembea Mji Mkongwe kabla hawajaanza maisha. Basi jioni moja binti akaja kwetu na simu mkononi, amehifadhi picha za viatu kumi na viwili. Anataka tumchagulie kimoja: cha kupendeza, cha kutembelea, na kisimwaibishe mbele ya mawifi.

Tulitazamana sisi dada wawili. Tukamwambia akae kwanza, kwa sababu sisi tuliwahi kuchagua kiatu cha namna hiyo hiyo, kwa mji huo huo, na kwa hofu hiyo hiyo ya mawifi. Tulimchagulia mama yetu. Mama ameturuhusu tuyaandike haya. Alisema, "Andikeni, ila msitaje saizi yangu."

Mwishoni mwa 2024 mdogo wetu wa mwisho aliolewa Unguja. Kwa familia ya Ihanja hiyo ni safari. Sisi tuko wilaya ya Ikungi, nchi ya alizeti na vitunguu, na pwani tunaijua zaidi kwa kusimuliwa. Maandalizi yakawa makubwa kuliko harusi yenyewe. Madera yalishonwa, mitandio ikalinganishwa rangi, kuku wa kienyeji wakatafutiwa tenga. Ikabaki miguu ya mama.

Mama ana makubazi yake. Alishonewa na fundi wa sokoni miaka mingi iliyopita: mikanda miwili mipana ya ngozi ya ng'ombe inayopishana juu ya mguu, na chini soli ya tairi la gari. Huku watu wengine huyaita katambuga tu, wala hawatofautishi. Ameyavaa shambani, mnadani, misibani, na kila akitoka huyafuta vumbi kwa kitambaa. Tairi lile halijaisha mpaka leo. Sisi tuliyatazama tukaona aibu. Tuliona wakwe wa mjini, wenye manukato na udi, wakimtazama mama kuanzia mtandio kushuka chini, kisha macho yanafika kwenye tairi.

Tukaenda Singida mjini asubuhi moja, bila yeye, tukamnunulia viatu vya rangi ya dhahabu. Vilikuwa vizuri, wallahi. Mbele vimechongoka, pembeni kuna kifungo kinachometa, kisigino kifupi cha vidole viwili, na vinaoana kabisa na dera lake la kijani. Mama alivijaribu akiwa amekaa kitandani, akasema vinamwingia. Hatukumwambia asimame.

Na hapa ndipo penye sehemu ngumu kuisimulia. Usiku wa kuamkia safari, mama alikuwa ameshaweka makubazi yake ndani ya begi, chini kabisa. Mmoja wetu aliyatoa akayaficha nyuma ya mlango. Mwingine aliona akanyamaza. Tulipofika Unguja, mama alipekua begi lote, akauliza, "Makubazi yangu yako wapi?" Tukajibu kwa pamoja, "Tumeyasahau, mama."

Mama yetu ana kisukari. Tulijua hivyo tangu 2017. Tulijua kuhusu chai bila sukari, ugali mdogo, na vidonge vya asubuhi na jioni. Kuhusu miguu tulikuwa tumeambiwa pia, lakini ni maneno yaliyoingia sikio moja yakatokea la pili.

Safari yenyewe ilichukua siku mbili. Tulitoka Ihanja alfajiri, tukapanda basi mpaka Dodoma, kisha treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, tukalala kwa ndugu, na asubuhi tukapanda boti. Siku mbili za kukaa, miguu inaning'inia, na joto linaongezeka kadiri unavyoikaribia bahari. Miguu ya mtu huvimba katika hali hiyo hata kama hana ugonjwa wowote. Kiatu kilichojaribiwa asubuhi ya baridi ya Singida si kiatu kile kile kikifika Bandari ya Malindi saa sita mchana ya Disemba. Sisi hilo halikutupitia akilini. Tulikuwa tunahesabu matenga.

Harusi ilipita salama, alhamdulillah. Siku ya tatu wakwe wakasema hatuwezi kurudi bara bila kuuona mji. Tukatoka kina mama na wasichana saba, tukiongozwa na wifi mkubwa.

Aliyetushangaza alikuwa bibi harusi wetu. Mwenye piko la siku tatu miguuni, ambalo kila mtu alitaka kuliona, alitoka chumbani na raba nyeupe za kamba na soksi. Tulimvuta pembeni tukamgombeza. Bibi harusi gani anaficha piko lake? Akasema, "Dada zangu, nimesimama juu ya visigino usiku mzima wa walima. Piko nimeshampambia mwenyewe. Leo natembea." Tukamwona mtoto.

Asiyewahi kufika Mji Mkongwe anaweza kudhani ni mji mdogo, na kwa ramani ni mdogo kweli. Lakini huko hutembei kama unavyotembea barabarani. Vichochoro vinapinda, vinapanda ngazi mbili, vinashuka moja. Chini kuna mawe yaliyolika, saruji iliyopasuka, na mtaro unaokatiza usipoutegemea. Karibu na soko la Darajani sakafu huwa imelowa maji ya samaki. Halafu nyuma yako inakuja vespa inapiga honi, na huna budi kurukia kibarazani mara moja. Zile baraza za mawe zilizojengwa ukutani zinasaidia sana: mtu hukaa akapumzika, na mvua kubwa ikinyesha watu hupita juu yake maji yakipita chini. Lakini kurukia baraza kwa kiatu cha ncha na kisigino ni habari nyingine.

Na kuna sauti. Kisigino kigumu juu ya mawe, katikati ya kuta mbili ndefu, hulia ko-ko-ko mpaka wazee wanaocheza bao wanainua vichwa. Surat An-Nur, aya ya 31, imetukataza kupiga miguu ili yajulikane mapambo tuliyoyaficha. Hatusemi kila kisigino ni haramu, hiyo si kazi yetu. Tunasema tu kwamba siku ile tulijisikia tukitangazwa mtaa kwa mtaa.

Tulianzia Darajani, tukaenda Mkunazini, penye kanisa kubwa la Anglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Wifi alisimulia kwa sauti ya chini. Kwetu si habari ya mbali, kwa sababu misafara ya kutoka Tabora ilipita Mgunda Mkali, kusini mwa mkoa wetu wa leo, na watu walifika pwani kwa miguu yao. Wifi akatuambia jambo ambalo wanahistoria pia wameliandika: kwamba katika Zanzibar ya karne ya 19 mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru walianza kujifunika na kuvaa kama waungwana, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyuma.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama miguu yake yenye viatu vya dhahabu. Akasema, "Kumbe kiatu ni jambo kubwa hivi." Sisi tulifurahi. Tulidhani anatushukuru.

Tukaendelea. Hamamni, kwenye bafu za Kiajemi zilizojengwa enzi za Sayyid Barghash. Sokomuhogo, ambako kahawa inauzwa nje. Mtaa wa Gizenga wenye maduka ya kanga na vinyago. Ngome Kongwe. Beit al-Ajaib tuliitazama kwa nje tu, ile nyumba ya 1883 ambayo sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020. Forodhani tukala urojo. Mara mbili tatu tulimuuliza mama kama amechoka. Kila mara alisema hapana. Na hakuwa anajikaza, dada zetu, msije mkadhani hivyo. Kweli hakuwa anasikia kitu.

Sisi wawili ndio tuliokuwa tunaumia. Mmoja alivaa simpo mpya zilizomchubua nyuma ya kifundo. Mwingine alikuwa na ndala za kupendeza zenye shanga, ambazo gidamu ilikatika Shangani akabaki anaburuta mguu. Tukawa tunamsifu mama: tazameni mtu mzima anavyotembea, sisi vijana tumeshindwa.

Tulirudi nyumbani kabla ya Magharibi. Mlangoni kila mtu anavua viatu, ndivyo desturi. Mama alivua cha kushoto, kisha cha kulia. Mtoto mdogo wa wifi, wa miaka mitano hivi, akasema, "Bibi, mguu wako unatoka damu."

Mama akasema, "Wapi?"

Neno hilo moja hatulisahau. Aliuliza kama mtu anayeulizwa habari ya mguu wa mwingine. Tuliinama. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimechubuka ngozi yote ya upande wa nje, na nyuma ya kisigino kulikuwa na lengelenge lililopasuka, soksi imegandia. Ndani ya kiatu, pale ulipo mshono wa nyuma, tulipapasa tukakuta ukingo mgumu kama ukucha. Alikuwa ameutembelea tangu saa tatu asubuhi. Alitia udhu wa Adhuhuri na wa Alasiri, akaosha miguu yake kwa mikono yake, na hakuona kwa sababu hakusikia, na sisi tulikuwa tunajitazama kwenye simu.

Mkwe, mama mwenye nyumba, ndiye aliyejua la kufanya. Aliosha kidonda kwa maji safi, akakifunika kwa kitambaa safi, akakataza dawa zote za kienyeji ambazo kila mmoja alikuwa anazitaja, na asubuhi yake tukampeleka mama hospitali. Huko tulielezwa kwa utulivu yale tuliyoyapuuza miaka saba. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, hivyo maumivu, ambayo ndiyo mlinzi wa mguu, huondoka. Damu nayo hupita kwa shida, kwa hiyo kidonda kidogo hukawia kupona na kikiingia wadudu kinaweza kumgharimu mtu kidole, au zaidi.

Zaidi tunaijua. Jirani yetu mmoja hapa kijijini alianza na mwiba.

Kidonda cha mama kilichukua wiki kumi na moja. Wiki kumi na moja za kwenda kituo cha afya kubadilisha bandeji, za kupima sukari, za kulala tukisikiliza kama ana homa. Katika wiki ya pili ndipo tulipomwambia kuhusu makubazi nyuma ya mlango. Tulilia wote wawili. Mama alinyamaza muda, akasema, "Nilijua. Mimi ndiye niliyeyaweka begini, nitasahauje?" Akatusamehe. Mungu atusamehe na sisi.

Sasa, ingekuwa hadithi nzuri kama tungesema makubazi ndiyo yangemwokoa. Muuguzi alipoyaona alitikisa kichwa. Mapana, ndiyo, na hayana mshono wa kuchubua. Lakini vidole viko wazi, na mtu asiyesikia akijikwaa kwenye jiwe la Mji Mkongwe hatajua. Alichohitaji mama kilikuwa kiatu kilichofunika vidole, kipana mbele, chepesi, chenye kamba au mkanda wa kulegeza mguu ukivimba. Yaani raba. Kile kile alichovaa yule mtoto wetu tuliyemgombeza.

Basi tulimwambia binti wa jirani afunge picha zake kumi na mbili, tukampa karatasi na kalamu. Sisi watu wa huku mara nyingi tunaagiza viatu kwa anayekwenda Singida au Dodoma, tunamtajia namba tu, na namba zinatofautiana kiwanda kwa kiwanda. Kwa hiyo simama juu ya karatasi, jioni, mguu ukiwa umeshatembea. Chora miguu yote miwili, maana haifanani. Kata, andika jina, mpe anayekwenda. Akifika dukani aitie ile karatasi ndani ya kiatu: ikijikunja pembeni, kiatu hicho ni cha mtu mwingine.

Ukiwa mwenyewe dukani, vaa vyote viwili, wa kulia kwanza kama tulivyofundishwa, kisha simama utembee. Mtume (s.a.w.) ametukataza kutembea na kiatu kimoja, na sisi dukani ndivyo tunavyofanya: tunavaa kimoja, tumekaa, tunageuza mguu mbele ya kioo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Tia mkono ndani upapase mishono yote. Kikunje: kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo. Soli iwe na michirizi, kwa ajili ya yale maji ya Darajani. Mitumba ni mizuri na bei nafuu, ila kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiinamia upande mmoja, kimeshazoea mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na wewe huwezi kukifundisha upya. Na kiatu kipya kivae nyumbani saa moja moja kwa wiki mbili kabla ya safari.

Kuhusu kupendeza, binti alikuwa na wasiwasi wa haki, maana raba chini ya baibui kweli inaweza kuonekana kama umeazima miguu. Siri iko kwenye pindo. Mabibi harusi wengi hupimiwa baibui na madera wakiwa wamevaa visigino vya harusi, kisha siku ya matembezi wakivaa kiatu bapa nguo inaburura sakafuni na kukanyagwa kwenye ngazi. Nenda kwa fundi na raba zako. Apime pindo liguse juu ya kiatu tu. Raba nyeusi isiyo na maandishi makubwa hupotea kabisa chini ya baibui nyeusi. Yenye rangi ya maziwa au ya mchanga inakwenda na dera la rangi yoyote. Soksi za pamba, na jozi ya pili kwenye mkoba, kwa sababu baada ya udhu mguu uliolowa ndani ya kiatu ndio unaochubuka haraka. Beba kitambaa kidogo ujifute katikati ya vidole. Wapo wanaouliza kama raba inaweza kupanguswa kama khofu wakati wa udhu: khofu sharti ifunike vifundo, na raba fupi haifuniki. Mwulizeni sheikh wenu, na muwe tayari kuvua.

Binti alisikiliza yote, akauliza, "Na piko langu?" Tukamwambia mume ataliona nyumbani. Akacheka mpaka akajifunika uso.

Mwaka uliofuata mdogo wetu alijifungua, tukarudi Unguja kwa arobaini. Safari hii mama alikuwa na raba nyeusi pana za mtumba, tulizozitafuta wiki tatu kwa karatasi ya mguu wake. Ndani ya basi alizilegeza kamba. Dodoma tulishuka tukatembea naye kidogo kabla ya treni. Mjini tulikwenda taratibu, na kila baada ya muda alikaa kwenye baraza, akavua, akakung'uta, akatia mkono ndani, kisha akatunyooshea nyayo, mmoja wetu anapiga picha kwa simu ili aone mwenyewe chini ya mguu wake. Watu walipita wakatusalimia. Mzee mmoja aliuliza kama mguu unauma. Mama akamwambia, "Hauumi, ndiyo maana tunautazama."

Karibu na msikiti wa Malindi, ule wenye mnara wa kuchongoka, alisimama akatupia macho viatu vya watu vilivyopangwa mlangoni, akasema hapa pana makubazi mazuri kuliko yangu. Tulinyamaza.

Tulipofika nyumbani, mkwe alimwambia, "Mkwe wangu, wewe usivue ukatembea pekupeku, mimi nimekuruhusu, vaa hata ndani." Ameshaambiwa na madaktari kwamba mtu wa sukari asitembee bila kiatu hata chumbani. Tulikuwa tumemnunulia ndala laini kwa ajili hiyo. Mama akasema asante, akalivuta begi lake, akafungua kanga iliyofungwa fundo mbili chini kabisa. Tairi lilikuwa limeoshwa likatakata.

"Begi hili nimelifunga mwenyewe," alisema.